Swali la msomaji: Nipange vipi programu ya masomo kwa watoto walioikosa shule?

SWALI: Jambo mwalimu. Ninasimamia kituo kidogo Kadutu, hapa Bukavu. Parokia ilitupatia vyumba viwili na veranda, na tuko walimu watatu. Wanafunzi wanakaribia 50: wadogo wana miaka 10, wakubwa 17. Wengine hawajawahi kukaa darasani, wengine waliishia darasa la tatu au la nne. Asubuhi wengi wako sokoni, wanabeba mizigo, wanauza mifuko, sambaza (wale samaki wadogo wa ziwa), maji. Kwa hiyo tunafundisha kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na moja. Tulichukua programu ya primeri, yaani ya shule ya msingi, tukaifuata, lakini mwaka haujafika katikati na nusu ya wakubwa wameondoka. Sasa mfadhili anatuomba programu yetu wenyewe, kwa maandishi. Tuanzie wapi? Tufundishe kwa lugha gani? Na cherehani tatu tulizopewa, ziingie kwenye programu au hapana?

JIBU: Jambo mama mwalimu, na aksanti. Umenipa umri wa watoto, saa mlizonazo na wakati walipoanza kuondoka. Hayo ndiyo mambo ninayoyauliza kwanza kila ninapoombwa kusaidia kuandika programu ya namna hii, na vituo vingi havina majibu yake.

Programu ya primeri iliandikwa kwa mtoto wa miaka 6 atakayekuja kila asubuhi kwa miaka sita na asiye na biashara ya kufanya. Kijana wa miaka 15 anayepandisha magunia pale soko la Kadutu, ukimkalisha mbele ya picha ya mtoto mdogo na mpira wake, anaelewa mara moja kwamba hamkumfikiria yeye. Anaondoka, na ana haki ya kuondoka. Kuibana programu ile iingie kwenye saa chache hakusaidii, kwa sababu unabaki na mambo yote, kila jambo likiwa limeguswa kidogo. Kazi yenu ni kuchagua: mtoto aweze kufanya nini siku atakapotoka, na mna saa ngapi za kumfikisha hapo.

Lakini msivumbue kila kitu. Nchi yetu ya Kongo ina mfumo wa vituo vya kufidia masomo, vile tunavyoviita CRS, ambavyo viko chini ya wizara ya Mambo ya Jamii, siyo ile ya shule. Humo miaka sita ya primeri inapitishwa katika miaka mitatu. Ngazi ya kwanza inabeba darasa la kwanza na la pili, ngazi ya pili la tatu na la nne, ngazi ya tatu la tano na la sita, kisha mtoto anakaa kwenye mtihani wa taifa wa kumaliza primeri, ule ambao wengi bado tunauita TENAFEP. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inaitambua elimu hii isiyo ya darasa la kawaida, pamoja na kisomo cha watu wazima na mafunzo ya ufundi. Kwa hiyo kabla hujaandika hata ukurasa mmoja, nenda kwenye Divisheni ya Mambo ya Jamii, uombe programu ya ngazi tatu na uulize masharti ya kutambuliwa. Kituo kisichotambuliwa kinaweza kufundisha vizuri sana na mtoto wake akakosa cheti. Hilo linaniuma kila ninapoliona, kwa sababu linazuilika. Siku hiyohiyo pitia kwa direkta wa shule ya jirani, muelewane mapema kuhusu watoto watakaotaka kurudi darasani na karatasi zitakazohitajika ili waandikishwe kwenye mtihani.

Jirani zetu Watanzania walipita njia hii. Mpango wao wa MEMKWA, ulioanza kwa majaribio mwaka 1999, uliwagawa waliokosa shule katika makundi mawili: wa miaka 11 hadi 13, na wa miaka 14 hadi 18. Mgawanyo huo ninaukubali kabisa. Mtoto wa miaka 11 bado ana njia ya kurudi shule ya kawaida, na programu yake lazima imwelekeze huko. Wa miaka 16 anahesabu miezi. Mkimwambia kwamba matunda yatakuja baada ya miaka mitatu, kwake mmemwambia hayatakuja. Yeye anahitaji kupata kitu kinachoonekana kila baada ya miezi michache, huku mlango wa mtihani ukibaki wazi kwa anayeutaka.

Tupige hesabu ya muda, kwa kuwa hapo ndipo mfadhili naye atakapokuelewa. Saa 3 kwa siku, siku 5, tuseme wiki 34 kwa mwaka, ni saa 510. Toa robo nzima: mvua ya Bukavu, malaria, siku za soko, siku ambazo mji umefunga. Tangu Februari 2025, waasi wa M23 walipoingia mjini, sina haja ya kukueleza jinsi wiki nzima inavyoweza kupotea. Mnabaki na kama saa 380. Zitumie kama mama anavyotumia faranga za siku: cha lazima kwanza. Kwa ngazi ya kwanza mimi ningeweka saa 200 za lugha, 110 za hesabu, na 70 kwa mambo mengine yote, yaani afya, mazingira, uraia, michezo na nyimbo. Mwalimu mmoja atalalamika kwamba historia na jiografia hazina saa zake. Ni kweli hazina. Zitaingia kupitia yale watoto wanayoyasoma, na zitapata nafasi yake ngazi ya tatu, mtihani unapokaribia.

Baada ya saa, andika mambo ambayo mtoto ataweza kuyafanya akimaliza ngazi. Usiandike kwamba “atajua kusoma” au “ataelewa umuhimu wa usafi”, kwa sababu hakuna anayeweza kupima hayo. Andika hivi: anasoma kwa sauti habari ya mistari kumi kwa Kiswahili na kujibu maswali matatu juu yake, anaandika jina lake, la mzazi, la avenyu na la komini, anasoma karatasi ya dawa kutoka kituo cha afya na kusema dawa inanywewa mara ngapi kwa siku, anaandika kwenye daftari mauzo ya siku na faida yake. Kumi na mbili hivi kwa kila ngazi zinatosha. Waite wazazi na vijana wenyewe mziandike pamoja nao. Vijana wa sokoni wanajua vizuri wapi wanadanganywa kwa sababu hawasomi, na majibu yao yatakupa nusu ya programu.

Sasa upangaji wa makundi. Shirika la Pratham la India limeonyesha kwa miaka mingi kwamba katika kusoma na kuhesabu watoto wapangwe kwa kile wanachoweza, siyo kwa umri. Kipimo chao ni kifupi, na mwalimu yeyote anaweza kukitengeneza: ukurasa mmoja wenye herufi, maneno, aya fupi na hadithi. Mtoto anasoma peke yake mbele yako, dakika chache, nawe unaandika ameishia wapi. Fanya hivyo kwa wote 50 kabla ya kugawa vyumba. Utakuta aliyefika darasa la nne anakwama kwenye maneno, na mwingine ambaye hajawahi kukaa darasani amejifunza herufi kwenye mabango.

Shida inakuja pale kijana wa miaka 16 anapokuta kundi lake ni la watoto wa miaka 10. Anaona aibu, na aibu inafukuza wanafunzi wengi kuliko njaa. Ushauri wangu ni huu: saa ya kusoma na ya hesabu wapangwe kwa kiwango, lakini wakubwa wakae meza moja na wapewe maandishi yao, yenye herufi zilezile na mambo ya watu wakubwa. Saa ya tatu, ile ya afya, mazingira na mazungumzo, wapangwe kwa umri. Walimu watatu, vyumba viwili na veranda vinatosha kwa hilo.

Kuhusu lugha sina wasiwasi hata kidogo: anzeni kwa Kiswahili. Kiko kati ya lugha nne za taifa, na sheria ya 2014 inaziruhusu lugha hizo kuwa za kufundishia. Nyumbani mtoto anaweza kuwa anasema Mashi, Kihavu au Kirega, lakini pale sokoni Kadutu anaishi kwa Kiswahili. Tena ni lugha inayomhurumia anayeanza kusoma. Ina irabu tano zisizobadilika, na silabi karibu zote zinaishia kwa irabu. Kwa herufi tisa tu, a, i, o, u, m, k, s, l na t, mtoto anaweza kusoma makala, soko, simu, moto, samaki, kilo, mia. Hizo zichukue wiki za kwanza. Herufi nyingine ziingie mbili au tatu kwa wiki, na makundi kama mb, nd, ng na mw yaje nyuma kabisa, ndipo wafike kwenye sambaza, ndizi na mwaka. Paulo Freire alifanya kitu kinachofanana Angicos, kaskazini mashariki mwa Brazili, mwaka 1963: wafanyakazi 300, kama saa 40, wakianza na maneno ya maisha yao yaliyovunjwa kwa silabi. Usimwahidi mfadhili saa 40. Wale walikuwa watu wazima, na kusoma kwa ufasaha kunataka mazoezi ya muda mrefu zaidi. Njia yenyewe ya kuanza na neno ambalo mtoto analiishi, hiyo ichukueni.

Mtoto akikuandikia “batoto” au “niko nasoma”, usitie alama nyekundu katika miezi ya kwanza. Ameandika alichosema, na amekiandika sawasawa. Ndivyo tunavyosema Bukavu. Kuanzia muhula wa pili muonyeshe jinsi kitabu kinavyoandika jambo lilelile, na azoee zote mbili.

Kifaransa nacho hakikwepeki, kwa kuwa mtihani wa taifa ni wa Kifaransa. Kiingie kwa mdomo tangu wiki ya kwanza, dakika 15 kila siku: salamu, namba, amri za darasani, majina ya vitu. Kukisoma kusubiri mpaka mtoto asome aya ya Kiswahili bila kukwama. Kifaransa kina herufi zinazonyamaza, kina “eau”, herufi tatu zinazotoa sauti moja ya o, na mtoto ambaye bado anahangaika na silabi atavurugika akikutana nayo mapema. Ngazi ya pili lugha hizi zigawane muda, ngazi ya tatu Kifaransa kichukue sehemu kubwa, pamoja na msamiati wa hesabu. Wazazi watakuja kuuliza kwa nini mnawafundisha watoto Kiswahili ambacho wanakijua tayari. Msiwape hotuba. Kwenye mkutano wa wazazi, baada ya miezi mitatu, mpeni mtoto karatasi ambayo hajawahi kuiona aisome mbele yao.

Kwenye hesabu, mama, nakuomba usome polepole, kwa kuwa hapa ndipo vituo vinapoteza muda mwingi. Mwaka 1985 watafiti Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann walichapisha kazi waliyoifanya Recife, Brazili, na watoto wachuuzi watano wa miaka 9 hadi 15. Waliwauliza hesabu kibandani, kama wanunuzi: majibu 98 kwa 100 yalikuwa sahihi. Hesabu zilezile zilipoandikwa kwenye karatasi kama za shule, bila habari yoyote ya mauzo, yaliyokuwa sahihi yalishuka hadi 37 kwa 100. Watoto ni walewale na namba ni zilezile. Watoto wako wa sambaza wako hivyohivyo. Muulize mmoja vikombe 6 kwa faranga 1 500 ni ngapi. Atakwambia viwili ni 3 000, vinne ni 6 000, sita ni 9 000, kabla wewe hujatafuta kalamu. Mpe noti ya 5 000 kwa kitu cha 3 250, atakurudishia kwa kupanda: 50 hadi 3 300, 700 hadi 4 000, 1 000 hadi 5 000, jumla 1 750.

Kwa hiyo msimuanzishe na 1 + 1. Mwache aseme njia yake, mwalimu aiandike ubaoni vilevile alivyoisema, darasa lote liione. Kesho yake mwalimu aweke pembeni njia ya safu, ile ya kupanga mamoja, makumi na mamia, na watoto walinganishe majibu. Thamani ya nafasi ya tarakimu ndiyo wanayoikosa, na bila hiyo hawawezi kugawanya kwa maandishi wala kusoma namba ndefu. Wanakosa pia sehemu (nusu, robo na kadhalika), vipimo vya urefu na eneo, na kusoma jedwali. Saa 110 ziende kwenye mapengo hayo. Kujumlisha kwa kichwa kusipewe hata saa moja, isipokuwa kwa wadogo ambao hawafanyi biashara.

Ulitaka maandishi, basi nikuonyeshe sura moja ya programu jinsi inavyoweza kuwa. Tuchukue mada ya maji, wiki nne, ngazi ya kwanza ikielekea mwisho. Mada hiyo haihitaji utangulizi Kadutu. Wiki ya kwanza wanasoma habari fupi ya msichana anayepanga foleni bombani, na wanaandika maneno bidoni, foleni, bomba, mto, ziwa. Katika hesabu wanapima: bidoni ni lita 20, na kiwango cha chini kinachotumika katika misaada ya dharura ni lita 15 kwa mtu kwa siku. Familia ya watu 6 inahitaji lita 90, yaani bidoni nne na nusu. Kila mtoto ahesabu za kwao na alinganishe na wanazopata kweli, pamoja na bei wanayolipa. Nusu ya bidoni inakupa mlango wa kuanza sehemu bila kutangaza kwamba leo tunaanza sehemu.

Wiki ya pili ni kipindupindu, ugonjwa ambao Kivu ya Kusini inaujua sana. Wanajifunza unavyopita kwenye maji na mikono, na wanatengeneza darasani maji ya chumvi na sukari: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Wanasoma maelezo hatua kwa hatua, kisha wanayaandika wapeleke nyumbani. Hapo mtoto anasoma kwa sababu maelezo yenyewe yana kazi. Mwalimu arudie mara mbili kwamba chumvi ikizidi ni hatari, na kwamba mgonjwa apelekwe kituo cha afya bila kusubiri. Wiki ya tatu ni mvua, mitaro na udongo unaoteremka kwenye vilima vyetu. Wakubwa wachore ramani ya avenyu yao na kuonyesha mahali hatari. Wiki ya nne wanaandika barua kwa mkuu wa avenyu kuhusu bomba au mtaro, na Kifaransa cha mdomo kinazunguka humohumo: maji, mvua, kuchemsha, kunawa. Sura nane za namna hii zinajaza mwaka. Mada nyingine mnazoweza kuchagua: soko, mwili na magonjwa, nyumba na moto, ziwa Kivu, pesa, safari, familia na karatasi zake, haki ya mtoto. Hiyo ya mwisho iguse kifungu cha 43 cha Katiba, kinachosema elimu ya msingi ni ya lazima na ya bure katika shule za serikali. Watoto hawa wanastahili kukisoma wenyewe.

Kila wiki iwe na mwanzo na mwisho wake, ili aliyekosa wiki moja arudi Jumatatu bila kupotea. Ijumaa iwe ya marudio, hasa ya hesabu, ambayo haikubali mapengo. Utoro usiwe sababu ya kufukuza. Kila mtoto awe na karatasi yake yenye yale mambo kumi na mbili ya ngazi, na kila anapoweza moja mwalimu atie sahihi mbele yake. Wakubwa wanaishikilia karatasi hiyo kwa bidii, kwa kuwa inawaonyesha wamefika wapi. Kila wiki sita rudieni kile kipimo cha kusoma, na mtoto aliye tayari ahame kundi siku hiyohiyo.

Muongozo wa walimu uwe mfupi, kurasa mbili kwa wiki. Mwalimu mwenye diploma ya serikali, ile ya kumaliza sekondari, ambaye hajasomea ualimu anahitaji kujua atafungua somo kwa swali gani, watoto watafanya nini kwa mikono yao, na atajuaje kama wameelewa. Zaidi ya hapo hatasoma, na tusimlaumu.

Nimalizie na cherehani. Zisiingie kwenye zile saa 380. Sababu yangu ni moja: kila nilipoona mashine zimewekwa katikati ya ratiba ya masomo, wasichana walielekezwa kwenye kushona na wavulana wakabaki na vitabu, na mwisho wa mwaka msichana alijua kupindisha sketi lakini hakuweza kusoma vipimo alivyoandikiwa. Ziwekeni Jumamosi, kwa wenye miaka 15 na zaidi, wasichana kwa wavulana, waliokwisha kumaliza mambo ya kusoma na kuhesabu ya ngazi ya kwanza. Mashine tatu zinabeba wanafunzi 6, siyo 20. Zungumzeni na mafundi cherehani wa Kadutu kabla ya kupanga, wawaambie mwanafunzi anachukua muda gani kabla ya kuaminiwa nguo ya mteja, na kama wako tayari kumpokea awe na fundi baada ya kutoka kwenu. Hesabu ya Jumamosi iwe ya kushona: sentimita, mita za kitambaa, bei ya uzi, faida ya sare moja. Na ukurasa wa ushonaji uuandike peke yake, mwishoni mwa programu, ukiwa na bajeti yake ya uzi, sindano, mafuta na fundi wa mashine, ili siku cherehani zikikwama, masomo ya kusoma yaendelee saa nane ileile.